Sindano Moja Kliniki au Siku Kumi Wodini: Mzigo wa Kaswende Bukoba na Muleba

Mtoto mchanga aliyezaliwa na kaswende hulazwa hospitalini kwa siku zisizopungua 10, na katika siku hizo zote hudungwa sindano za penisilini kulingana na uzito wake. Mama hulala naye. Nyumbani hubaki watoto wengine, shamba la migomba, na baba ambaye mara nyingi hajaelezwa ni maradhi gani yanayowaweka wodini. Maradhi hayohayo yangeweza kuzuiwa miezi kadhaa kabla ya uzazi kwa tone la damu lililotolewa kidoleni na sindano ya penisilini aliyodungwa mama. Tofauti hiyo kati ya gharama ndogo ya mapema na gharama kubwa ya baadaye ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya kwa ajili ya wakazi wa Bukoba na Muleba, na kwa kila anayenunua au kupewa dawa katika nchi hii.

Kazi yetu sisi ni udhibiti, si uganga. Hatutibu wagonjwa, tunahakikisha kwamba dawa na vipimo vinavyomfikia mwananchi ni salama, vina ubora, na vinafanya kazi iliyoandikwa juu ya kasha lake. Kwa sababu hiyo tutaueleza ugonjwa wenyewe kwa kifupi, kisha tutakaa zaidi kwenye kipimo na dawa, maana ndipo mtumiaji anapopotea njia, na ndipo fedha na muda wake vinapokwenda bure.

Ugonjwa unaonyamaza

Kaswende, ambayo katika Kiswahili cha zamani iliitwa pia sekeneko, husababishwa na bakteria mwembamba aliyejisokota kama skrubu. Alitambuliwa mjini Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, na katika vitabu vya tiba anaitwa Treponema pallidum. Huambukizwa kwa kujamiiana, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na kwa damu isiyopimwa.

Baada ya siku 10 hadi 90, kwa kawaida kama wiki tatu, hutokea kidonda kimoja mahali bakteria alipoingilia. Kidonda hicho hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Wiki chache baadaye hupona chenyewe, na hapo ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo, kwa sababu mtu hudhani amepona kwa dawa ya mizizi aliyokunywa au kwa vidonge viwili alivyopewa na jirani, kumbe kidonda kingefunga hata kama asingetumia chochote. Baadaye hufuata vipele, ambavyo huonekana hata viganjani na kwenye nyayo, pamoja na homa, uchovu na kuvimba kwa tezi. Navyo huondoka vyenyewe. Kisha ugonjwa hukaa kimya kwa miaka. Mwenye nao hulima, huvua, hufunga ndoa, hubeba mimba, na hana dalili hata moja. Kwa baadhi ya wasiotibiwa huibuka tena baada ya miaka mingi ukiwa umeharibu moyo, mshipa mkuu wa damu, ubongo au macho.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa kaswende. Kuhusu watoto, makadirio ya mwaka 2016 yalitaja visa 661,000 vya kaswende ya kuzaliwa nayo duniani, na zaidi ya 200,000 kati ya hivyo viliishia katika kuharibika kwa mimba, mtoto kuzaliwa mfu au kufariki akiwa mchanga.

Magharibi ya Ziwa: historia ndefu

Wakazi wa nyanda hizi wana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini kuliko wengine, na pia sababu ya kuwa na tahadhari na takwimu zinazotajwa juu yao. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, aliripoti kwamba katika Buganda, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, sehemu kubwa mno ya watu ilikuwa na kaswende. Ripoti hiyo ilizusha hofu, ikachochea kampeni za tiba, na hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianzishwa mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Watafiti waliofuata walitilia shaka hesabu hizo. Katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria kulikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria ndugu wa yule wa kaswende, ambao huwapata hasa watoto na hauhusiani na zinaa. Madaktari wa wakati ule walichanganya magonjwa haya mawili kwa macho, na hata vipimo vya damu, hadi leo, haviwezi kutenganisha buba na kaswende. Watu wengi walitajwa kuwa na ugonjwa wa aibu ambao huenda hawakuwa nao.

Tunalikumbusha hilo kwa sababu aibu ile haijaisha. Bado tunakutana na watu wanaosema kaswende ni ugonjwa wa watu wa aina fulani, au wa kabila fulani, au wa mjini. Bakteria hana kabila.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania walipatikana Kagera, katika Hospitali ya Ndolage wilayani Muleba. Utafiti uliofanyika mkoani mwaka 1987 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika mji wa Bukoba alikuwa na virusi vya UKIMWI, yaani asilimia 24.2. Familia nyingi za mkoa huu hazihitaji kuelezwa maana ya takwimu hiyo, zilizika. Hapa kaswende inahusika moja kwa moja, kwa sababu kidonda chake ni mlango wazi wa virusi. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Mwanza, jaribio lililofanyika kati ya mwaka 1991 na 1994 lilionyesha kwamba vijiji vilivyoboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vyao vya afya vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko vijiji vilivyolinganishwa navyo. Haikuwa teknolojia mpya. Zilikuwa dawa za kawaida, zilizopatikana kwa wakati, mikononi mwa wahudumu waliofundishwa kuzitumia.

Kwa nini daftari la wodi halisemi yote

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mzigo ni mkubwa hivyo, mbona wodini hatusikii jina la kaswende? Malaria tunaisikia, nimonia tunaisikia, kichomi na upungufu wa damu tunavisikia.

Jibu limo katika namna mgonjwa anavyoandikishwa. Hospitali hulaza mtu kwa tatizo lililomleta siku ile, na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana kwa kifupi kama MTUHA, hupokea tatizo hilo. Mama aliyezaa mtoto mfu huhesabiwa miongoni mwa waliozaa watoto wafu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kama njiti. Mzee aliyepooza upande mmoja huandikwa kiharusi, na mwenye mshipa mkuu wa damu uliotanuka huandikwa mgonjwa wa moyo. Ikiwa hakuna aliyepima kaswende, kaswende haimo katika daftari. Kwa hiyo idadi ya waliolazwa kwa jina la kaswende ni sehemu ndogo tu ya waliolazwa kwa sababu ya kaswende, na anayetaka kuupima mzigo kwa kuhesabu majina hayo atapata jibu dogo na la kupotosha.

Utafiti uliotufungua macho kuhusu jambo hili ulifanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002. Watafiti waliwapima wanawake waliofika kujifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika ujauzito wao. Miongoni mwa waliokuwa na kaswende hai yenye kiwango kikubwa katika damu, asilimia 25 walizaa watoto wafu, na asilimia 33 walizaa watoto hai lakini kabla ya wakati. Walipokokotoa kwa wanawake wote, walihitimisha kwamba asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu katika kundi lile ilitokana na kaswende ya mama. Nusu nzima. Akina mama wale wangeulizwa walilazwa kwa nini, hakuna ambaye angejibu kaswende.

Tangu wakati ule mambo yamepungua, na ni haki kusema hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2011 katika kliniki za wajawazito nchini ulikuta kaswende kwa asilimia 2.5 ya wajawazito, na VVU kwa asilimia 5.6. Asilimia 2.5 husikika kuwa ndogo mpaka mtu aigeuze kuwa watu: katika kila wajawazito 1,000, ni 25. Hospitali za Muleba kama Rubya, Kagondo na Ndolage, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bukoba, hupokea wajawazito wengi, na wale 25 hawana alama usoni.

Machi 2023 taifa zima liliielekea Bukoba Vijijini kwa sababu ya ugonjwa wa Marburg. Watu 9 waliugua na 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka uleule. Vituo vilinawisha watu mikono, wasafiri walipimwa joto, redio zilizungumza mchana na usiku, na ilistahili. Kaswende haijawahi kupata hata wiki moja ya redio ya namna hiyo. Huua polepole, tena huua kabla ya jina kutolewa, na mtoto asiye na jina hahesabiwi na watu kwa sauti.

Kipimo: unachopaswa kujua kabla hujatoa kidole

Kuna aina mbili za vipimo, na kuzichanganya ndiko kunakoleta mizozo mingi tunayoisikia.

Aina ya kwanza ni kipimo cha haraka, kile cha tone la damu juu ya kijistari cha plastiki, ambacho hutoa jibu katika muda usiozidi nusu saa. Hakihitaji umeme wala maabara kubwa, na kwa hiyo kinafaa zahanati ya kijijini sawasawa na hospitali. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa wajawazito kipimo kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja katika kidole kilekile. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya bakteria, na kingamwili hizo kwa kawaida hubaki katika damu maisha yote, hata baada ya mtu kutibiwa na kupona.

Aina ya pili hufanyika maabara na hujulikana kwa vifupisho vya RPR au VDRL. Hiki hupima kiwango, nacho hutolewa kwa namba kama 1:8 au 1:32. Kiwango hupanda ugonjwa unapokuwa hai na hushuka baada ya tiba. Kikishuka mara nne, kwa mfano kutoka 1:32 hadi 1:8, tabibu hujua dawa imefanya kazi.

Kutokana na tofauti hiyo hutokea kisa ambacho tumekieleza mara nyingi. Mwanamke alitibiwa kaswende katika mimba ya kwanza. Katika mimba ya pili kipimo cha haraka kinaonyesha tena ana kaswende. Mume anahitimisha kwamba mke si mwaminifu. Mke anahitimisha kwamba mume ndiye. Na wote wawili wanahitimisha kwamba dawa ya kwanza ilikuwa bandia. Huenda hakuna hata mmoja aliye sahihi. Kipimo kimeona kovu la ugonjwa wa zamani. Kwa mjamzito ambaye hana kumbukumbu ya tiba wala nafasi ya kupimwa kiwango, mhudumu atampa dawa tena, na hilo si kosa, kwa kuwa hatari ya kumwacha mtoto bila kinga ni kubwa kuliko usumbufu wa sindano. Lakini ndoa haipaswi kuvunjwa na kijistari cha plastiki.

Ndiyo maana tunasisitiza utunzaji wa kadi ya kliniki hata baada ya mtoto kukua. Ina nafasi ya kuandika kwamba mama alipimwa kaswende, alionekanaje, na alitibiwa lini. Nafasi hiyo ikiwa tupu, una haki ya kuuliza kwa nini. Wapo wanaoona haya kumuuliza muuguzi, hakuna utovu wa adabu katika kusema, "Dada, naomba unisaidie, hapa pa kaswende hapajaandikwa kitu."

Jambo la mwisho kuhusu vipimo: usinunue kipimo cha kujipima kutoka kwa mchuuzi au kwa mtu anayekitangaza kwenye simu. Kipimo ni kifaa tiba. Husajiliwa, huhifadhiwa katika joto maalumu, na huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kilichokaa juani kwenye meza ya mnadani kinaweza kukuambia huna ugonjwa ilhali unao.

Penisilini si moja

Dawa ya kaswende ni benzathini penisilini, nayo hutolewa kwa sindano ya msuli. Kwa kaswende ya karibuni, dozi ya mtu mzima ni yuniti milioni 2.4 mara moja. Kwa kaswende ya muda mrefu, au ambayo muda wake haujulikani, dozi hiyo hurudiwa mara tatu, kila baada ya wiki moja. Aliyepangiwa sindano tatu akaishia mbili hajamaliza dawa.

Tunaomba msomaji alizingatie neno benzathini. Katika hospitali zetu hutumika penisilini za aina nyingi: kuna kristapeni, kuna ile inayoitwa PPF, kuna vidonge vya penisilini na jamaa zake kama amoksisilini. Kristapeni huingia katika damu haraka na kuondoka baada ya saa chache. Bakteria wa kaswende huongezeka taratibu sana. Humchukua zaidi ya siku nzima kujigawa mara moja, na penisilini humwua hasa anapojigawa. Hivyo dawa lazima ibaki katika damu kwa siku nyingi ikimngoja. Benzathini hufanya hivyo: hukaa katika msuli kama akiba na kutoka kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Sindano moja ya kristapeni, au vidonge vya siku tano kutoka dukani, haviwezi kufanya kazi hiyo. Vinaweza kukifunga kidonda, ambacho kingefunga chenyewe, na kukupa amani ya uongo.

Tuongeze neno kuhusu azithromaisini, ambayo wengi huisifu kwa sababu ni ya kumeza. Utafiti uliofanyika Mbeya na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba dozi moja yake ilitibu kaswende ya mapema kwa kiwango sawa na benzathini. Habari ile ilipokewa kwa furaha. Baadaye bakteria sugu kwa dawa hiyo walienea katika nchi nyingi, na haishauriwi tena kuitegemea pale benzathini inapopatikana. Kwa mjamzito ipo sababu nyingine: haivuki vya kutosha kumfikia mtoto tumboni. Mama anaweza kupona na mtoto akabaki na ugonjwa. Kwa mjamzito, penisilini peke yake ndiyo inayojulikana kumtibu yeye na mtoto kwa pamoja, na ili mtoto ahesabiwe kuwa amekingwa, inapaswa kutolewa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Anayeanza kliniki mwezi wa nane anaweza kuikosa nafasi hiyo. Anayeanza mwezi wa tatu anayo tele.

Sindano hii inauma, tusifichane. Ni unga unaokorogwa na maji maalumu, mzito kama uji mwepesi, na hudungwa ndani kabisa ya msuli wa paja au kalio, mara nyingi ikigawanywa pande mbili. Kabla hujadungwa, sema ikiwa penisilini iliwahi kukuletea vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi. Baada ya kudungwa, kaa kituoni kwa muda utakaoelekezwa. Katika saa 24 za kwanza unaweza kupata homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa. Watu hutuletea malalamiko kwamba walipewa dawa mbovu kwa sababu ya homa hiyo, na wengine hukataa sindano ya pili. Mara nyingi homa hiyo hutokana na bakteria wanaokufa kwa wingi na kumwaga sumu zao, na hupita. Mjamzito akipata homa hiyo pamoja na maumivu ya tumbo au mtoto kupunguza kucheza, arudi kituoni siku hiyohiyo.

Duka, mwalo na kisiwa

Duka la dawa muhimu, lile lililoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye kuenea nchini, limewasogezea wananchi wa vijijini dawa nyingi kwa usalama. Lakini si mahali pa kuchoma sindano wala kupima damu. Anayekuchoma sindano nyuma ya pazia la duka, au anayekuja nyumbani na mkoba, anavunja taratibu, na ikitokea mzio mkali wa penisilini hana kifaa cha kukuokoa. Tumesikia hoja ya wateja wake: hakuna foleni, na hakuna atakayeniona. Ni hoja ya kweli, na vituo vya afya vinapaswa kuisikia, kwa sababu mtu anayelipa fedha ili asionekane anatuambia kwamba dirishani kwetu anaonekana mno.

Muleba ina visiwa vingi katika Ziwa Viktoria, Bumbire, Goziba na Ikuza vikiwamo, na maisha ya huko hufuata mwezi na samaki. Mvuvi wa dagaa hulala mchana na kufanya kazi usiku wa giza. Wafanyabiashara huja na kuondoka na boti. Tuchukue mfano wa mjamzito aliye kisiwani, aliyeambiwa anahitaji sindano tatu, wiki baada ya wiki. Mume wake anahama mwalo kufuata samaki. Ziwa likichafuka hakuna boti, na zahanati aliyoizoea ikiishiwa dawa, safari ya kwenda nchi kavu humgharimu nauli na siku. Kumwambia tu "kamilisha dozi" ni kumtupia mzigo usio wake. Tunachoweza kumshauri ni aulize maswali matatu siku ileile ya kwanza: je, sindano zinazofuata zipo hapa hapa; nikihama, nizipate wapi; na mmeniandikia nini kwenye kadi ili kituo kingine kinielewe? Kituo kisichokuwa na dawa kinatakiwa kumpa rufaa ya maandishi. Maneno "rudi wiki ijayo" si rufaa.

Upungufu wa benzathini si wa visiwani peke yake. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitambua kuwa dawa muhimu iliyoadimika kwa miaka kadhaa. Sababu yake inasikitisha kidogo: ni dawa ya zamani, bei yake ni ndogo, faida yake ni ndogo, na viwanda vinavyotengeneza malighafi yake duniani ni vichache mno. Kimoja kikisimama, nchi nyingi hukosa. Uhaba wa namna hiyo ndio mlango wa dawa bandia, kwa hiyo mtumiaji awe macho zaidi pale anapoambiwa imeadimika "lakini ipo kwa mtu". Una haki ya kuomba kuonyeshwa kichupa kabla hakijafunguliwa: jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na mfuniko ambao haujaguswa. Ukitia shaka, usikitupe. Kihifadhi pamoja na kasha na stakabadhi, na utoe taarifa kwa mfamasia wa halmashauri au ofisi ya udhibiti iliyo karibu.

Kuhusu malipo, sera ya afya inaelekeza kwamba huduma za wajawazito na za watoto chini ya miaka mitano zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Ukitozwa, omba stakabadhi. Kama hakuna stakabadhi, hayo hayakuwa malipo ya Serikali, na kamati ya kituo pamoja na Mganga Mkuu wa Halmashauri wanapaswa kulisikia jambo hilo kutoka kwako.

Mwenza na mtoto

Mama akitibiwa peke yake na baba asitibiwe, anaweza kuambukizwa upya kabla ya kujifungua. Kituo kinaweza kukupa karatasi ya kumpelekea mwenza, isiyotaja ugonjwa, inayomwita tu afike. Wanaume wengi huiona karatasi hiyo kuwa mashtaka. Kwa wale wanaosoma kijitabu hiki tungependa waichukue kama wito wa kumlinda mtoto wao, na wafike nayo kituoni hata kama hawana kidonda wala kipele.

Mtoto wa mama aliyekuwa na kaswende achunguzwe siku ya kuzaliwa, hata akiwa mnene na analia vizuri. Wengi wenye ugonjwa huo huzaliwa bila dalili yoyote. Mafua yasiyokoma, vipele, ini lililovimba au mifupa inayouma huja wiki au miezi baadaye. Kwa kuwa kingamwili za mama humpita mtoto na kukaa katika damu yake kwa zaidi ya mwaka, kipimo cha haraka hakiwezi kusema peke yake kama mtoto ameambukizwa. Mhudumu atatazama tiba ya mama, tarehe ya sindano, na mwili wa mtoto. Kwa hiyo mama anapokwenda kujifungua, akiwa anatoka Kashai au Kamachumu au anashuka kwenye boti kutoka Bumbire, kadi ile yenye tarehe iwe ndani ya mkoba pamoja na kanga na nepi za mtoto.